Siku Thelathini Bila Turubai

Jumamosi, 1 Machi

Limekwisha! Jana jioni nilipiga koti la mwisho la rangi, leo asubuhi nimelitoa gari langu karakana nikalileta nyumbani taratibu kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Rangi ya damu ya mzee. Unaweza kusimama mbele ya mlango wake ukanyoa ndevu.

Miaka thelathini na moja napaka rangi magari ya watu, la kwangu sikuwahi kuwa nalo. Kinyozi hajinyoi. Hili nililipata likiwa limekunjwa ubavu mzima, nikaligonga, nikalipiga puti kuziba mabonde, nikalisugua msasa miezi saba. Mama watoto alitoka jikoni na mikono yake ya unga wa sabuni, akalizunguka mara mbili. Mwisho akasema: sasa itabidi na mimi ninunue viatu.

Sina banda. Litakaa uani, kati ya ukuta wa Mwalimu na dirisha la jikoni. Na lile somo ninalowapa wateja kila siku leo limenigeukia mwenyewe: siku thelathini, usilifunike turubai, usilipake polishi. Rangi mpya inapumua. Ukiifunika inatoka mabaka. Kwa hiyo mpaka tarehe thelathini, gari langu liko uchi.

Jumapili, 2 Machi

Nyayo! Juu ya boneti, moja kwa moja mpaka kwenye kioo, halafu mahali mtu amejikunja akalala. Usingizi mzito, inaonekana.

Nimemjua. Ni lile dume la paka lenye sikio lililochanika, la kwa Mwalimu. Nimempa jina la Bosi kwa sababu anatembea kama mwenye kiwanja. Mwalimu ni jirani yangu, mstaafu, anaishi peke yake, na kila jioni anamwaga makombo kwa paka wote wa mtaa. Nimekwenda kumwambia kwa adabu: Mwalimu, paka wako wanalala kwenye gari langu. Akanitazama juu ya miwani. Paka hana hati miliki, jirani, akasema. Wanakuja tu.

Wanakuja tu! Na kucha zao wanakuja nazo.

Jumanne, 4 Machi

Mikwaruzo mitatu, myembamba kama nywele, karibu na taa ya kushoto. Bosi anapanda vizuri, shida ni anaposhuka. Anateleza, anakunjua kucha, kwaruuu. Rangi bado laini, inakubali kila kitu.

Nimekaa chini nikaitazama kwa muda. Nilitaka kukasirika, lakini mwanga wa asubuhi uliipiga ile rangi nikajisahau. Lo, nimeipaka vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Jioni mama watoto kaniletea sabuni ninuse. Yeye hupika sabuni pale jikoni, za maua, za viungo, za sijui nini, na kabla hajaziuza lazima zipite puani kwangu. Nikisema hii, inakuwa hiyo. Safari hii ni kazi kubwa. Msimamizi wa vyumba wa hoteli ile mpya anataka sabuni ya aina moja tu, iwekwe vyumba vyote. Mama watoto anatakiwa kuipeleka Jumatatu tarehe kumi na saba. Ametengeneza mbili na hajui achague ipi. Ameniambia: baba watoto, pua yako ndiyo itakayoamua.

Nikanusa ya kwanza. Nikanusa ya pili. Nikafumba macho kama mtaalamu.

Niliandike hapa, maana hapa hakuna asomaye. Sina pua. Mwaka wa pili huu sisikii harufu yoyote. Si thina ya kuchanganyia rangi, si kitunguu, si sabuni, si kwapa langu. Ilipungua kidogo kidogo kama redio inayoishiwa betri, kisha siku moja kimya. Ni ile dawa ya rangi, najua. Miaka yote mama watoto alinishonea barakoa za kitambaa, nzuri, zenye kamba mbili, nami nikazifanya matambara ya kufutia mikono. Nikimwambia atasema nilikwambia. Hapana, hatasema. Atanyamaza, na hilo ndilo baya zaidi.

Basi nimeishi kwa ujanja. Simchagulii kwa pua, namchagulia kwa uso wake. Akiwa ameipenda sabuni mwenyewe, huvuta midomo ndani kama mtoto aliyeficha peremende. Akiwa na shaka, jicho la kushoto linajikunja. Namtazama, nasema: hii! Anafurahi: ndiyo maana nakuuliza wewe!

Lakini leo uso wake haukusema kitu. Kweli hajui. Nikamwomba muda. Nikamwambia harufu nzuri hainuswi kwa pupa. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 7 Machi

Jaribio la kwanza: ndoo ya maji. Nilijificha nyuma ya tangi, Bosi akaja, nikamwaga. Nilijimwagia miguu. Bosi alikaa juu ya ukuta akijilamba, hana haraka.

Jaribio la pili, la mama watoto: mpe pahali pazuri zaidi. Tumemtandikia gunia kwenye ngazi ya jikoni, pale jua linapopiga. Amelipenda. Analala hapo asubuhi, mchana anahamia kwenye gari. Sasa ana nyumba mbili, mimi nina moja.

Tulicheka mpaka mama watoto akashika ukuta. Siku njema kusema kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Nimegundua ni joto. Nikirudi kutoka kazini injini ina moto, boneti linakuwa jiko. Sasa nikifika naliacha nje ya geti nusu saa lipoe, ndipo naliingiza. Wapita njia wananisalimia nikiwa nimesimama kando ya gari langu kama askari. Fundi, limezima? Hapana, linapoa. Wanaondoka wakitikisa vichwa.

Bosi hajali moto wala baridi. Na leo kaja na mwenzake, mweusi mwenye kifua cheupe. Huyo nimemwita Karani.

Binti yetu kapiga simu. Eti paka hawapendi limau kabisa. Chemsha maganda, nyunyiza pembeni. Mama watoto akasema hilo dogo, maganda ninayo tele. Halafu akaniuliza mbele ya simu: umeshaamua? Nikasema bado naisikilizia. Binti akacheka: baba na pua yake!

Mikwaruzo: saba.

Jumatano, 12 Machi

Mama watoto amesafiri kwenda kwa dada yake, aliyetoka kutibiwa jicho. Atarudi Jumamosi. Ameniachia chakula cha siku moja na maagizo ya mwaka mzima. Nyumba imepwaya.

Maji ya limau ameyaacha tayari. Ameniambia akiwa tayari ameshapanda basi: yapo stoo, rafu ya chini, kwenye chupa, ukiinusa tu utaijua.

Ukiinusa tu! Ningemuuliza nini tena? Nikapunga mkono.

Alhamisi, 13 Machi

Rafu ya chini ina chupa nne. Zote za plastiki, zote zimeandikwa maneno ya zamani ya vitu vilivyokuwemo zamani. Moja ni ya mafuta, hiyo inaonekana. Moja ina povu. Mbili zilizobaki maji yake ni ya njano-njano yenye ukungu, kama uji mwepesi. Nikazitikisa. Nikazishika kwenye mwanga. Nikazinusa hata hizo, mazoea. Nikasema limau ni kali, lazima liwe lile lililokolea. Nikachukua iliyokolea.

Kazi nimeifanya kifundi. Nimefunika bodi yote kwa magazeti na tepu, nikaweka maji kwenye bunduki yangu ya zamani ya rangi, kompresa ikanguruma, nikapiga koti la kwanza kuzunguka gari lote, sakafuni, kwenye matairi, hadi chini ya ukuta wa Mwalimu. Nikasubiri likauke. Koti la pili. Tone hata moja halikugusa rangi. Nikabandua magazeti. Nikajipongeza kwa sauti, hakuna wa kunisikia.

Ijumaa, 14 Machi

Sielewi.

Nimeamka, nimefungua pazia. Paka tisa! Nimewahesabu mara mbili. Bosi, Karani, na saba ambao sijawahi kuwaona maishani. Wanalamba sakafu. Wanalamba matairi. Mmoja amelala chali amefumba macho. Watatu juu ya boneti, mmoja juu ya paa, anatazama mtaa kama mgeni rasmi.

Nimewafukuza. Nikasema dawa haijakolea, nikapiga koti la tatu. Wakarudi kabla sijazima kompresa.

Saa nne Mwalimu kaja getini. Amenishika mikono yote miwili, macho yamelowa. Jirani, akasema, nilijua moyo wako utalainika. Umewakumbuka viumbe. Nikasema karibu, Mwalimu.

Karakana nako kulikuwa na mambo. Mteja mmoja, mama mwenye gari jeupe, nilimsogelea kumwonyesha rangi, akasogea nyuma. Nikasogea, akasogea. Tukazunguka gari lake lote hivyo. Mwisho akaniambia atapiga simu. Fundi umeme, rafiki yangu wa miaka, kala chakula chake cha mchana amesimama kule mlangoni. Nikamuuliza ana nini. Akasema hewa nzuri huku.

Mikwaruzo sijahesabu. Sitaki kujua.

Jumamosi, 15 Machi

Amerudi. Nataka kuandika yote kwa mpangilio.

Nilikuwa uani nafagia. Nilimwona amefika getini na begi lake, anatabasamu, nami nikatabasamu. Kisha akasimama. Akaweka begi chini. Akavuta mtandio akaziba pua na mdomo. Akauliza: baba watoto, nini kimekufa humu?

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Nikamwambia: ndiyo dawa yako ya limau hiyo, nimepiga makoti matatu!

Limau?

Alisema neno hilo moja tu. Akaja akainama, akagusa sakafu kwa kidole, akakinusa, akageuza uso haraka. Akaenda stoo. Nikasikia chupa. Akarudi amebeba mbili, moja imejaa, moja tupu. Iliyojaa ilikuwa ya limau. Tupu ilikuwa ya maji ya vichwa vya samaki, aliyoyaloweka tangu mwezi uliopita, mbolea ya nyanya zake.

Vichwa vya samaki. Mwezi mzima. Kwa bunduki ya rangi, kwa ustadi wangu wote!

Ningekuwa mtu mwingine ningecheka, na yeye alikuwa karibu kucheka, niliiona midomo yake ikivutika. Halafu haikucheka. Akanitazama. Akaniita Fundi. Yeye huniita baba watoto, akiniita Fundi najua kuna kesi. Fundi, hukuisikia harufu hii?

Nikasema nina mafua.

Njia ya mwongo fupi, walisema wakubwa, na yangu ilikuwa hatua tatu, kutoka uani mpaka jikoni. Alinikalisha kwenye kigoda, akachemsha sufuria ya majani yake ya mafua, akanifunika taulo kubwa kichwani. Vuta, akasema. Nikavuta. Mvuke unachoma macho, puani hamna kitu. Mafua yenyewe sina. Jasho linanitiririka, nimejikunyata chini ya taulo kama kuku anayeatamia, na nje naisikia brashi. Alikuwa anasugua sakafu ya uani peke yake. Nikatoka, nikachukua brashi ya pili. Tulisugua pamoja mpaka giza likaanza kuingia. Mara moja alisema: sogea, hapo bado. Mimi sikujua hapo wapi. Nilisugua pote.

Naona aibu. Si ya samaki. Miaka ishirini na sita huyu mwanamke ananipa kikombe chake cha kwanza, kitambaa chake cha kwanza, sabuni yake ya kwanza, sema mume wangu, unaonaje. Na mimi miaka miwili namrudishia uso wake mwenyewe.

Kwa nini sisemi tu? Ningeweza kusema jana, juzi, leo chini ya taulo. Kila siku inayopita deni la maneno linakua. Mficha maradhi kilio humuumbua. Kwangu wameanza paka.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi alikuwa wa kawaida. Chai, salamu, habari za jicho la dada yake, linaona vizuri, sasa linaona mpaka vumbi la shemeji. Tukacheka. Nikafikiri yamepita. Nikatoka kuangalia gari. Harufu imeisha, nadhani, maana paka wamebaki wawili tu, wale wa siku zote. Nimeipangusa rangi kwa maji safi na kitambaa laini. Mikwaruzo kumi na tisa. Mingi itatoka kwa polishi mwezi ukiisha. Hata na mikwaruzo yake nalipenda. Nilikaa ndani nyuma ya usukani bila kwenda popote, nikamwona mama watoto kwenye dirisha la jikoni ananitazama. Nikampungia. Akanipungia. Nikawa na furaha kabisa, dakika nzima.

Baada ya chakula cha mchana akaniita mezani. Ameweka sabuni mbili kwenye sahani nyeupe. Zote nyeupe, zote mraba, mgongoni hazina alama. Akasema: kesho asubuhi napeleka hotelini. Moja ndiyo naitaka mimi, nimeshaamua. Niambie ni ipi. Nikanyanyua macho nimtazame.

Alikuwa ameshageuka. Akasema nitakuwa nje, ukiwa tayari niite. Akatoka.

Ndiyo naandika sasa, daftari liko kando ya sahani.

Nimenusa ya kulia. Nimenusa ya kushoto. Nimezisugua kwa kidole. Nimefika pabaya — nimezilamba. Zote mbili chungu, ulimi unawaka, tofauti hamna. Fundi mzima, mvi kichwani, nalamba sabuni kwenye meza yangu!

Ningeweza kubahatisha. Mbili tu, nusu kwa nusu. Nikipata, nimepona miaka mingine miwili. Nimeweka kidole kwenye ya kulia, nikakiondoa.

Nimesogeza pazia nione anafanya nini. Amesimama uani, karibu na gari, mikono ameifunga kifuani. Amenipa mgongo. Huwa hanipi mgongo akisubiri jibu langu. Husimama hapa mbele yangu, karibu kabisa, midomo ikicheza. Hiyo sabuni ameshaichagua, uso wake ungeniambia mara moja, na ndiyo sababu ameupeleka nje akaugeuzia ukuta.

Anajua. Si tangu jana. Anajua ninavyomsoma, anajua mpaka ni kitu gani nasoma. Miezi mingapi? Na bado ameendelea kuniletea.

Bosi amepanda boneti. Yuko hatua mbili tu kutoka kwake. Mama watoto angenyanyua mkono tu, paka angekimbia, na siku zote ndiye anayemfukuza kabla yangu. Hanyanyui mkono. Hageuki. Bosi anazunguka, anatafuta pahali pa kulala, anateleza, kucha hizo, nazisikia mpaka hapa. Mkwaruzo mrefu huo. Huo hautatoka kwa polishi, huo ni wa kupaka upya. Siku ya kumi na sita. Ndoo iko mlangoni, imejaa.

Siendi kwenye ndoo.

Nimesukuma sahani pembeni. Nimemwita. Si mama watoto. Nimemwita kwa jina lake, ambalo sijalitamka tangu kifungua mimba wetu azaliwe, limetoka kama la mtu mgeni. Amegeuka haraka, Bosi karuka ukuta, na sasa nasikia viatu vyake kwenye ngazi, na sijui nianze na neno gani, ila si mafua —